Jina Juu ya Sanduku

Ndiyo, vijana wangu, ni kweli. Nililamba mavi ya fisi, tena kwa bidii, mbele ya watu wanane. Habari hii imewafikia kabla yangu, na kila nikipita Igowole kuna mmoja wenu anayeniuliza huku akitafuta mahali pa kuficha kicheko. Basi nimeona niiandike mwenyewe, pamoja na mengine ya kazi ile, ili mkicheka mcheke kwa usahihi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mifupa ya dinosaria. Hao ni mijusi wakubwa waliotembea nchi hii kabla mtu hajawa mtu. Walikufa, wakafunikwa na mchanga wa mito, mchanga ukageuka mwamba, nao wakageuka mawe ndani ya mwamba. Miaka ile ya hamsini nilikuwa na umri wa ishirini na kitu. Nilikuwa nimetoka shule na darasa langu la kumi, mwandiko mzuri, na miguu isiyojua kukaa. Baba alitaka niwe karani wa boma pale Iringa. Nilikalia kiti cha boma siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikasikia kuna Mzungu anapita kwenda Mbeya, anatafuta mtu wa kuandika namba juu ya mawe. Jioni hiyo nilikuwa nyuma ya lori lake, nimekalia gunia la vitunguu, naipungia Iringa mkono.

Mzungu huyo alikuwa mtaalamu wa visukuku, yaani viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, na sisi tulimwita Daktari Brashi. Alichomeka brashi tatu za rangi kwenye utepe wa kofia yake, akaonekana kama jogoo aliyeongezewa manyoya. Watu wa vijiji vya jirani walisikia neno "daktari" wakaanza kuja kambini na vikohozi vyao na migongo yao. Mwanzoni aliwaeleza kwamba yeye ni daktari wa waliokufa zamani tu. Maelezo hayo yaliwatisha zaidi. Mwisho akawa anawapa chai ya moto na kuwasikiliza mpaka wamalize, na nawaambia ukweli, wengi walipona.

Lakini aliyenifundisha kazi hakuwa Daktari Brashi. Alikuwa Mzee Bakari, msimamizi wa wachimbaji, mtu mfupi wa Lindi mwenye magoti mabovu na macho ya kipanga. Enzi za Wajerumani, akiwa kijana, alifanya kazi kwenye kile kilima cha Tendaguru ambako mifupa mikubwa ilichimbwa kwa mamia. Aliibeba kichwani siku kadhaa mpaka bandarini. Meli ikaondoka nayo.

"Na wewe ulipata nini, mzee?" nilimwuliza siku moja.

"Nilipata shingo," alijibu. "Itazame ilivyo fupi."

Tulikuwa na kambi katika bonde la Songwe, chini ya milima ya Mbeya, mahali ambapo mwamba ni mwekundu na jua halina adabu. Somo la kwanza la Mzee Bakari lilikuwa la ulimi. Mfupa wa kale, hata ukigeuka jiwe, una vitundu vidogo ndani yake. Ukiugusa kwa ncha ya ulimi unavuta mate na kung'ang'ania. Jiwe la kawaida linateleza. Hakuna chombo cha Ulaya kinachoshinda kipimo hicho kwa haraka, na hata Daktari mwenyewe alikuwa akilamba.

Basi nikawa mlambaji. Nililamba bonde zima. Nilikuwa nikirudi kambini na ulimi mwekundu kama wa mtoto aliyekula ubuyu wa rangi. Siku hiyo mnayoipenda, niliokota kipande cheupe, kigumu, chepesi, kilichokaushwa na jua. Nikakigusa na ulimi, kikang'ang'ania vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kulamba. Nikapiga kelele, watu wanane wakaja mbio. Nikalamba tena mbele yao ili waone.

Mzee Bakari alikichukua, akakigeuza, akakivunja kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na nywele za swala.

"Karani," alisema kwa upole, "mfupa umeupata. Ila ulipita tumboni mwa fisi kwanza."

Fisi anakula mifupa, na choo chake kikikauka kinakuwa cheupe chenye vitundu. Tangu siku hiyo najua, nanyi mnajua. Angalieni kwanza, lambeni baadaye.

Somo la pili lilikuwa la plasta, ule unga mweupe unaoganda ukikutana na maji. Mfupa hautolewi ardhini ukiwa uchi, utavunjika kama biskuti. Unauchimba pembeni mpaka ubaki umekaa juu ya kisiki cha mwamba kama uyoga. Kisha unaufunika kwa karatasi iliyoloweshwa, ili plasta isishike mfupa wenyewe. Kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, kimoja juu ya kingine, na fito za mianzi kwa urefu wake, kama mganga anavyofunga mguu uliovunjika. Ikikauka, mnakata kisiki na kuupindua mzigo wote kwa pamoja. Wakati huo wa kupindua hakuna anayepumua. Na plasta inanyunyizwa kwenye maji, maji hayamwagwi kwenye plasta. Mimi nilimwaga. Nilipata jiwe lenye umbo la ndoo, nalo likiwa bado ndani ya ndoo yenyewe.

Kuna mwezi plasta iliisha kabisa. Mzee Bakari akaagiza mchele wa Ubaruku, tukaupika mpaka ukawa gundi, tukachovya magunia humo. Ulikauka ukawa mgumu ajabu. Daktari alifurahi hata akapiga makofi. Asubuhi ya tatu tulikuta mbuzi wa kijiji wamekula vifuniko vya vipande sita vya mkia, wamelala pembeni, wameshiba. Tangu hapo wali ulibaki kuwa wali.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya mbuzi. Nataka kuwaambia habari ya mfupa mmoja, na kosa langu kubwa kuliko lile la fisi.

Mfupa huo aliuona Mzee Bakari mwenyewe. Alasiri moja alikuwa akitafuta mahali tambarare pa kutandika mkeka wake wa kuswalia. Akapata, akatandika, akainama, na paji la uso likagonga kitu. Alimaliza sala yake yote kwanza, akatoa salamu kulia na kushoto. Ndipo akaukunja mkeka na kutuita. Ulikuwa mfupa wa mguu wa mbele, mzima, mrefu karibu sawa na mtu. Katika miaka yote ya kambi ile hatukuwa tumepata mfupa mzima hata mmoja. Vipande tu.

Daktari Brashi alipiga magoti mbele yake nusu saa. Kisha alisimama, akamshika Mzee Bakari bega. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa mashamba, lakini kilifika.

"Bakari, hii mfupa wewe naona kwanza. Ikifika Mbeya mzima, mimi naandika jina yako kwa karatasi yake. Karatasi nakwenda Ulaya pamoja na mfupa. Watu yote nasoma."

"Na ukivunjika njiani, Bwana?"

"Ikivunjika iko mawe tu. Mawe hapana jina."

Usiku ule Mzee Bakari hakula chakula, na wiki mbili zilizofuata hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mfupa ule bila kunawa mikono. Eleweni, alikuwa amebeba mifupa tangu ujana wake, na hakuna karatasi popote duniani iliyosema kwamba Bakari alipita. Huu ulikuwa wa mwisho. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kutoa taarifa.

Tuliuvika plasta, tukautengenezea sanduku la mbao, refu, jembamba, lenye mfuniko. Kazi ya kuandika juu ya sanduku ilikuwa yangu. Kanuni ilisema namba kubwa, jina la bonde, na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Jina la mwenye kuuona lilitakiwa liwe dogo, kwenye karatasi ya ndani. Mimi nilichukua brashi nene na rangi nyeusi, nikaandika juu ya mfuniko kwa herufi za ukubwa wa kiganja: BAKARI BIN SALUM. Namba nikaibana kwenye kona.

Mzee alikuja akasimama. Alisoma herufi za Kiarabu tu, za kwetu hakuzijua.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe, mzee."

"Mbona mrefu hivyo?"

Alizunguka sanduku mara mbili, akaondoka akijifanya anakwenda kutazama kamba za hema.

Mpango ulikuwa hivi. Daktari alitangulia Mbeya. Lori lingekuja kutungoja kwenye barabara ya juu Ijumaa alasiri, na Jumamosi lingeondoka Mbeya kwenda Iringa na hadi reli ya Dodoma. Baada ya hapo mvua zingeanza, na barabara ile mvua ikianza ni ya vyura. Mzee Bakari abaki bondeni kufunika shimo. Mimi nisindikize sanduku.

"Karani," aliniambia wakati wa kuagana, "mzigo hauachwi. Ukitaka kujisaidia, jisaidie huku unautazama."

"Nimesikia, mzee."

Utaratibu wa wapagazi wa kule ulikuwa kwamba watu wa bondeni hubeba mpaka mwisho wa nchi yao, kisha watu wa milimani hupokea. Mwisho wa nchi ya bondeni ulikuwa kijiji kimoja cha Wasafwa chenye kanisa dogo la bati. Tulifika hapo Alhamisi asubuhi. Wapagazi wanane wakalitua sanduku kwenye baraza ya kanisa, wakafuta jasho, wakageuka wakarudi kwao bila neno. Mzigo ule walikuwa wakiuogopa tangu mwanzo. Wapagazi wa juu walikuwa waje Ijumaa asubuhi.

Na mimi? Nikatazama ule mlima. Nikajiambia ni vizuri nikahakikishe barabarani kama kuna habari ya lori. Leo mimi ni mtu mzima, sina haja ya kuwadanganya. Kule barabarani kulikuwa na duka lenye gramafoni, na nilikuwa nimekaa bondeni miezi mitano mfululizo nikisikiliza mbuzi. Kwenye baraza kulikuwa na mama mmoja akifagia, Mama Ester. Nikamwambia, "Mama, naliacha sanduku hapa, narudi jioni." Macho yangu yalikuwa mekundu, yamejaa machozi kwa vumbi la njia. Sauti ilikuwa imekauka. Aliniangalia kwa huruma sana, akasema, "Nenda, mwanangu. Usijali." Nikaona huyu ni mama mwema. Nikaenda.

Gramafoni ilikuwa nzuri.

Nilirudi saa kumi alasiri. Nikakuta wanaume wamekaa kwenye magogo mbele ya kanisa, kimya, kofia mapajani. Wanawake wanapika kwenye vyungu vikubwa. Nikajua kijiji kimepata msiba. Nilikulia Igowole, nimefundishwa. Nikavua kofia, nikapita kwa kila mmoja nikitoa pole kwa mikono miwili. Ajabu ni kwamba kila niliyempa pole alinirudishia pole, tena kwa nguvu zaidi. Nikakaa. Nikaletewa viazi na maharage, nikala, maana msibani kukataa chakula ni matusi. Ndipo nikamwinamia jirani yangu.

"Baba, marehemu ni nani?"

Alinitazama, akamgeukia mwenzake. "Unaona? Uchungu umempanda kichwani."

Hapo nikageuza shingo kuelekea baraza ya kanisa. Palikuwa pamefagiwa. Hapakuwa na kitu.

Sitaki kusema nilikimbia vipi. Nyuma ya kanisa kulikuwa na kaburi jipya, udongo mwekundu umesawazishwa kwa mikono, maua ya porini yamepangwa pembeni. Kichwani kulikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe mtu alikuwa amenakili kwa mkaa, herufi kwa herufi, vilevile nilivyoandika mimi: BAKARI BIN SALUM.

Mwinjilisti wa kanisa lile aliitwa Yoramu. Alikuwa mtu mrefu aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya pwani. Alinikuta nimeshika kichwa, akaweka mkono mgongoni kwangu.

"Pole, mwana wa Iringa. Tumemsitiri. Tuliposoma jina tukajua ni Mwislamu, na mimi nilikaa nao pwani, najua desturi yao, jua halitakiwi kuzama juu ya maiti. Tukasema kijana ni mgeni, amechoka, atampata wapi wa kuchimba? Tukachimba sisi."

"Mwinjilisti," nilisema, "mle ndani hamna mtu."

"Roho imekwenda, ndiyo."

"Hapana, hamna mtu! Kuna mfupa wa mnyama. Mnyama wa zamani, amegeuka jiwe."

Watu walikuwa wamekwisha kutuzunguka. Mzee mmoja aliyeshiriki kubeba alitikisa kichwa. "Alikuwa mzito, hilo ni kweli. Nilisema watu wa pwani wanakula vizuri."

"Mnyama anaitwa Bakari bin Salum?" aliuliza Yoramu.

"Hapana! Bakari ndiye aliyemwona."

"Naye aliyemwona amekufa?"

"Hajafa! Yuko bondeni, nadhani saa hizi anakunywa chai."

Mama Ester alianza kulia upya, kwa ajili yangu. Nikawaomba majembe, nifukue mwenyewe. Hapo sura zilibadilika zote. Vijana, mnajua kwetu sote, Mhehe, Mbena, Msafwa, kuna mambo ya kufanya haraka na mambo ya kutofanya kabisa, na kufukua kaburi ni la pili. Yoramu alisema polepole, kama anaongea na mgonjwa.

"Hatufukui kwa neno la mtu mmoja. Kaburi ni la ndugu. Lete ndugu yake marehemu aseme."

"Na nikimleta marehemu mwenyewe?"

Mzee wa ule uzito alikohoa.

"Ukimleta mwenyewe," alisema Yoramu, "tutachimba."

Nilishuka mlima ule kama jiwe lililosukumwa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika kambini. Mzee Bakari alikuwa anakunja turubai. Nilimweleza yote nimesimama. Alisikiliza bila kuacha kukunja.

"Wamenizika?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Na maua."

Akafunga kamba ya turubai, akakaza fundo. "Na mzigo uliuacha?"

"Niliuacha."

"Kwa sababu gani?"

Ningeweza kusema lori. "Gramafoni," nilisema.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikaa juu ya lile turubai akajisugua magoti, na nikaona anahesabu. Njia ile ilikuwa ya kupanda tupu, na alikuwa amebaki bondeni kwa sababu magoti hayakuiweza. Sanduku likiachwa ardhini mvua ije, plasta ingelainika na mfupa ungeachana vipande. Na mawe hapana jina.

"Alfajiri," alisema.

Tulipanda alfajiri. Alikuwa na fimbo mkono mmoja na bega langu mkono mwingine. Kila hatua nilisikia goti lake likilia kama mlango. Kwa muda wa saa nne njiani hakunisemesha. Mara moja tu, tulipopumzika kwenye mwinuko wa mwisho, aliuliza, "Walinilaza kuelekea wapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Umemzika mwalimu wako na hujui hata kichwa kiko wapi."

Nikajua nimeanza kusamehewa.

Watoto ndio waliotuona kwanza. Wakakimbia wakipiga kelele kwamba Iringa amerudi na maiti yake inatembea. Kijiji kizima kilitoka. Wapagazi wa juu nao walikuwapo, wamekaa na kamba zao, wameambiwa hakuna mzigo bali kuna matanga. Mama Ester alisogea peke yake, akamshika Mzee Bakari mkono, akaubonyeza. "Wa moto," aliwatangazia.

Mwinjilisti Yoramu alijiweka sawa koti. "Baba, wewe ni nani?"

"Bakari bin Salum."

"Sisi tulikuzika jana."

"Nimesikia," alisema Mzee Bakari. "Nimekuja kushukuru."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani yule mzee wa uzito. Kikaenda kicheko mpaka kwenye vyungu, mpaka kwa wapagazi, Mama Ester akakaa chini kabisa akishika mbavu. Yoramu alijizuia kwa sababu ya cheo chake, kisha naye akashindwa.

Kilipotulia, Mzee Bakari aliomba apelekwe. Alisimama juu ya kaburi lake, akatazama jua lilipo, akatazama jiwe. "Uso mmeuelekeza wapi?"

"Upande wa Chunya, kaskazini," alisema Yoramu. "Nilikadiria."

"Umekadiria vizuri, mwinjilisti. Na mlisema nini?"

"Kuhusu nani?"

"Kuhusu mimi. Mtu hazikwi kimya."

Yoramu aliona haya. "Hatukukujua, baba. Nilisema kidogo tu. Nilisema huyu ni mtu wa mbali aliyekuja kufanya kazi katika nchi yetu. Hatujui alifanya nini, lakini watu wanane wamembeba kutoka bondeni, na kijana wake amemleta akilia. Mtu asiye kitu habebwi hivyo. Nikasema jina lake tumelisoma, kwa hiyo hatakuwa mgeni tena hapa."

Mzee Bakari alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha alikaa, palepale kwenye ukingo wa udongo, akafuta uso kwa kanzu yake, mara moja na mara ya pili. Watu waliacha kucheka. Hakuna aliyemharakisha, ingawa lori lilikuwa njiani na mimi nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja.

"Chimbeni," alisema mwishowe.

Vijana, sijapata kuona mzigo uliofungwa vizuri vile. Walikuwa wamelizungushia sanduku mkeka mpya, juu yake shuka jeupe la akina mama wa kanisa, na pembeni wameshindilia majani makavu mpaka hakuna pa kuingiza kidole. Mzee Bakari aliweka sikio kwenye mbao, akagonga, akasikiliza kama mganga. Akatabasamu. Akawaambia wapagazi wasitoe kitu, lichukuliwe na sanda yake.

Ila kaburi haliachwi wazi. Hilo nalo ni la kwetu sote. Shimo lililokwisha kuliliwa likibaki tupu litatafuta wa kulijaza. Yoramu akaagiza kipande cha mgomba, urefu wa mtu, kikalazwa ndani, uso Chunya, udongo ukarudishwa. Mtu mmoja akainama kulitoa jiwe.

"Liacheni," alisema Mzee Bakari. "Kidogo kidogo nitalizoea."

Tulifika barabarani dereva akiwa ameshawasha injini. Kule Mbeya, Daktari Brashi alifungua shuka, mkeka na majani, akaweka jicho kwenye kila kona ya plasta. Hapakuwa na ufa.

"Nani nafunga hii?"

"Watu wa msibani, Bwana," nilisema.

Nilipomweleza, alivua kofia na brashi zake tatu akakaa juu ya tairi la akiba. Tangu siku hiyo kila sanduku la kambi ile lilifungwa kwa mkeka na majani makavu, na vipande vikaacha kuvunjika njiani. Kisha, mbele yangu na mbele ya Mzee Bakari, akaandika kwenye karatasi ya mfupa. Mimi nilisoma kwa sauti. Jina lilikuwepo. Mzee alilitazama, akasema lilikuwa fupi kuliko lile la kwenye sanduku.

Kambi ilifungwa mwaka uliofuata. Nilizunguka na kazi nyingi tangu hapo, mnajua nilivyo. Mzee Bakari hakurudi Lindi. Alikaa Mbeya akishona mikeka, na kila kiangazi alipanda polepole mpaka kwa akina Yoramu, akakaa wiki nzima, akang'oa majani juu ya kaburi lake na kugombana na Mama Ester kuhusu maua yapi yapandwe. Alipougua mara ya mwisho aliomba habari zipelekwe kule. Wakaja kumchukua wenyewe, watu wanane, pamoja na shehe wa kumswalia kutoka mjini. Walichimba palepale. Jina halikuhitaji kuandikwa upya.

Miaka michache iliyopita mtafiti mmoja kijana alipita Mbeya, akaniomba nimwonyeshe mashimo yetu ya zamani. Alikuwa na orodha ya mifupa iliyochapishwa huko nje. Nikaupata wetu, kwa namba, maana namba niliiandika mimi. Nikapitisha kidole mstari mzima. Kulikuwa na bonde, mwaka, aina ya mfupa, na jina la Daktari. Nikapitisha tena. Bakari hakuwepo.

Sisemi Daktari alidanganya, nilimwona akiandika. Karatasi ina safari ndefu na mikono mingi, labda iko ndani ya droo fulani bado. Lakini sikuweza kuendelea na mashimo siku hiyo. Nilimpandisha yule kijana mlimani mpaka nyuma ya kanisa, nikamwonyesha jiwe. Herufi za mkaa zilikuwa zimekwisha kufuatizwa kwa patasi, na pamefagiwa.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Huyo ndiye aliyeuona kwanza."

Akatoa daftari, akakaa chini, akanakili.

Kwa hiyo, mkiingia kazi yoyote, mzigo msiuache, hata kwa gramafoni. Na jina la aliyeona kwanza liandikeni nje, juu, kwa brashi nene. Wakubwa watawaambia herufi zimezidi ukubwa. Hata mimi niliambiwa. Kule mlimani zinasomeka bado.